AC haitoi baridi? Pitia haya kwanza kabla hujalipia gesi

Mwaka ule tumehamia Tabata, AC ya sebuleni ilijazwa gesi mara tatu ndani ya miezi kumi. Mara tatu jamani! Kila nikipiga simu fundi anakuja na mtungi wake begani, anafunga geji, anakaa kimya kidogo, anatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya, "dada, gesi imekwisha". Natoa hela. Baridi inarudi wiki kadhaa alafu tunarudi palepale, upepo unavuma vizuri tu ila ni upepo wa feni, na umeme wa LUKU unakimbia kama kawaida.

Mara ya nne fundi wangu alikuwa kasafiri, jirani akanielekeza kwa mzee mmoja wa hukohuko mtaani. Mzee hakuja hata na mtungi, alikuja na tochi, bisibisi na sifongo. Nikamwamkia, akaitikia, akaomba sabuni ya kuoshea vyombo na maji kidogo kwenye kikombe, akapanda ngazi mpaka kwenye mashine ya nje akapaka povu kwenye zile nati mbili yanapoingilia mabomba ya kopa. Nati ya juu kimya. Ya chini ikaanza kutoa vipovu, kimoja, kingine, taratibu kama sufuria ya maharage inayotaka kuanza kuchemka. Akaniita nije nione mwenyewe. "Mwanangu, gesi hailiwi. Ukiona imepungua ujue kuna tundu."

Basi tangu siku ile nimekuwa mpelelezi wa AC za watu, ya kwangu, ya dada yangu Kigamboni, za ofisini, mpaka shemeji yangu wa Mombasa ananirekodia mlio wa mashine ananitumia WhatsApp niseme ni nini. Mi sio fundi, naomba hilo lieleweke. Nachoandika hapa ni mpangilio wa kuangalia, unaanza na vitu vya bure unaishia na vya hela, na ni kwa hizi AC za ukutani zenye vipande viwili, cha ndani na cha nje, ndo zimejaa majumbani kwetu.

Kwanza elewa gesi inafanya nini humo ndani

Hapa ndo watu wengi tunapigwa. Gesi ya AC sio kama gesi ya kupikia inayoungua mpaka mtungi unakuwa mwepesi, wala sio petroli. Inazunguka tu kwenye mabomba yaliyofungwa. Ikifika kwenye koili ya ndani, yale mabomba yaliyokunjwakunjwa, inageuka kutoka kimiminika kuwa mvuke na katika kugeuka huko inabeba joto la chumba, kompresa, ile pampu iliyo kwenye mashine ya nje, inaibana inaisukuma kwenye koili ya nje, feni ya nje inalipuliza lile joto liende zake, gesi inarudi kuwa kimiminika na safari inaanza upya. AC iliyofungwa vizuri inaweza kukaa miaka kumi na zaidi na gesi ileile ya kiwandani.

Kwa hiyo ili chumba kipoe lazima hewa ipite vizuri kwenye koili ya ndani, hewa ipite vizuri kwenye koili ya nje, na kompresa izunguke. Kimoja kikikwama utapata upepo wa vuguvugu hata kama gesi imejaa pomoni, na kwa nilizoziona mimi uchafu unaongoza, umeme unafuata, gesi inakuja mbali huko nyuma.

Hatua ya 1: Rimoti, usicheke

Nimeshaitwa nyumba ya mtu usiku saa tatu nikakuta rimoti ipo kwenye alama ya feni, mtoto kachezea. Baridi ni ile alama ya theluji. Tone la maji ni kukausha unyevu tu, haipozi kwa nguvu, na jua ni joto, Dar hiyo hutaihitaji hata siku moja. Weka theluji, weka nyuzi 22 hivi, feni iwe ya juu, alafu subiri. Kompresa nyingi zinachelewa kama dakika 3 kabla ya kuwaka, imewekwa hivyo makusudi kuilinda, sasa we unaona haijawaka unazima unawasha unazima unawasha, kila ukifanya hivyo unaianzisha hesabu upya na unaiumiza.

Na hii ya kushusha mpaka 16 ili ipoe haraka: AC za kawaida zisizo inveta zinapoza kwa nguvu ileile ukiweka 16 au 24, tofauti ni kwamba kwenye 16 hazizimi kabisa. Kama una inveta yenyewe inapunguza mwendo wa kompresa chumba kikishapoa, kwa hiyo ukisikia nje imekuwa kimya kimya usikimbilie kusema imekufa.

Hatua ya 2: Pima, acha kukisia kwa kiganja

Nunua kipimajoto chochote cha bei rahisi, hata kile cha jikoni chenye sindano. Washa AC dakika 15 mpaka 20, madirisha yamefungwa. Pima hewa inayoingia, kule juu ya mashine ya ndani, alafu pima inayotoka mdomoni. AC nzima itakupa tofauti ya kama nyuzi 8 mpaka 12. Mfano inavuta hewa ya 29 inatoa ya 18, hapo mashine haina shida, shida ni chumba chako, ruka uende hatua ya 7. Ikivuta 29 ikatoa 25 hapo kweli kuna ugonjwa. Ila siku za unyevu mkali ile tofauti inashuka kidogo maana nguvu nyingi inaishia kukausha hewa, usishtuke na nyuzi moja moja.

Kuna kipimo kingine hakihitaji hata shilingi, mi ndo nakipenda zaidi. Nenda nje angalia ule mpira wa kutolea maji. Huku kwetu pwani hewa ina maji mengi, hasa kipindi cha kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi, na koili ikiwa ya baridi lazima itoe jasho, AC ya BTU 12000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) inaweza kukujazia ndoo usiku mmoja. Sasa kama imewaka nusu saa nzima, siku ya joto la kunata, mpira mkavu kabisa na ndani hakuna maji yanayodondoka ukutani, basi koili haipati baridi. Kama mpira mkavu na ndani unadondoka, huo mpira umeziba tu, ute ute ule au mdudu kajenga, vuta kwa mdomo wa vakyumu au pulizia hewa kutokea nje, imekwisha hiyo.

Jiulize na muda pia. Usiku inapoza vizuri, saa nane mchana inashindwa: koili ya nje chafu au chumba kinazidiwa na jua. Mchana nzuri, saa moja mpaka saa nne usiku inasumbua wakati mtaa mzima wamerudi wamewasha kila kitu: angalia voltiji. Inaanza vizuri, baada ya saa mbili upepo unafifia kabisa: barafu.

Hatua ya 3: Filta, na kile kitu nyuma ya filta ambacho hakuna anayekisafisha

Zima AC, kata na breka. Fungua ule mfuniko wa mbele, utakuta filta mbili za wavu, zinachomoka kwa mkono. Ziinue zielekee dirishani, kama huoni mwanga unapita umeshapata jibu la kwanza. Osha na maji ya bomba kutokea upande wa nyuma ili vumbi litoke lilikoingilia, sabuni kidogo, brashi laini, anika kivulini, usianike juani zitajikunja. Barabara ya vumbi, osha kila wiki mbili. Ghorofani mbali na barabara, mwezi mmoja sio mbaya.

Wengi tunaishia hapo. Sasa chukua tochi, mulika humo ndani kwa kupitia mdomo unaotolea upepo, geuza vile vibawa kwa kidole taratibu. Utaona feni ndefu ya mviringo imelala kama mwanzi, ina vijimbavu vingi vyembamba. Mbavu hizo zinatakiwa ziwe zimejipinda kidogo kama kijiko ili zichote hewa. Kwenye AC ya dada yangu Kigamboni zilikuwa zimejaa tope jeusi mpaka zimekuwa bapa, yaani feni inazunguka kwa kasi yake yote lakini haichoti kitu, ukiweka mkono upepo unaufikia umechoka kama mtu aliyepandishwa ngazi. Na ile harufu ya soksi mbichi ukiwasha asubuhi inatoka humohumo. Alishaambiwa gesi na yeye.

Hiyo kazi mpe fundi, haina ujanja. Mwambie unataka feni ya ndani na koili vioshwe, sio kupuliziwa hewa kisha kufutwafutwa na kitambaa. Anatakiwa afunike bodi ya umeme kwa nailoni, afunge ule mfuko mkubwa wa kukingia maji chini ya mashine, apulizie dawa au sabuni isiyo kali, aache dakika kadhaa, aoshe kwa maji ya kasi ya wastani. Maji yatakayotoka utatamani usingeyaona. Ukimuona kaja na ile asidi ya kung'arishia tailizi za choo mzuie, inang'arisha kweli, inang'arisha kwa sababu inakula aluminiamu.

Hatua ya 4: Ukikuta barafu

Barafu kwenye koili ya ndani inachanganya watu, wanasema mbona inagandisha, si ndo baridi imezidi? Hapana. Hewa haipiti kwenye barafu, kwa hiyo koili imeganda na chumba kinachemka. Usiigonge wala usikwangue na kisu, kopa ni laini mno ukitoboa hapo ndo umetengeneza tundu la kweli. Weka rimoti kwenye feni tupu, acha saa mbili tatu iyeyuke, tandika taulo chini.

Sababu ni mbili kubwa. Ya kwanza ni hewa kutopita, filta chafu, feni chafu, au feni yenyewe inazunguka polepole. Ya pili ni gesi pungufu. Osha kwanza. Ukiosha vizuri na bado inaganda, sasa unaweza kuanza kuiwazia gesi.

Hatua ya 5: Toka nje ukaione mashine yenyewe

Mashine ya nje kazi yake ni kutema joto, na sisi tunapenda kuifungia. Wezi wanaitaka kopa, sawa, tunachomelea kizimba cha nondo, hilo halina neno kama nondo ziko mbalimbali. Tatizo ni mtu anaweka bati lenye vitundu, au anaitumbukiza kwenye kibaraza kidogo kimezungushiwa matofali ya urembo, hewa ya moto inatoka inagonga ukuta inarudi kuingia nyuma tena. Nyuma iachie sentimita 15 angalau, mbele pawe wazi kabisa, na zile nguo zinazoanikwa juu ya kizimba zitafutiwe kamba.

Wakati inawaka simama pembeni usikilize, alafu weka mkono mbele ya feni:

- Feni inazunguka, kompresa inanguruma, upepo unaotoka ni wa moto: vizuri, kazi inafanyika. Kama ni wa moto mpaka unaunguza na ndani hakupoi, koili imeziba uchafu.
- Feni inazunguka, upepo ni wa kawaida tu kama wa mtaani: kompresa haifanyi kazi, au gesi hamna.
- Feni imesimama, mashine inaunguruma alafu baada ya dakika chache "tk!" inanyamaza: zima haraka, shida ni kapasita (tutaiona hatua ya 6) au mota ya feni.
- Kimya kabisa hakuna kitu: umeme haufiki, au bodi.

Kuosha koili ya nje unaweza kufanya mwenyewe kama iko chini. Sio kwenda kuning'inia dirishani ghorofa ya tatu, tafadhali. Kata breka, toa majani na nailoni kwa mkono, tumia mpira wa maji wa kawaida ukimwagia toka juu kwenda chini. Ile mashine ya kuoshea magari usiiguse, vile vibati vyembamba vya aluminiamu vinalala vyote kwa sekunde na hewa haipiti tena. Vilivyolala unavinyoosha kimoja kimoja na kitana chake, kazi ya kukera kweli.

Walioko karibu na bahari, Msasani, Kigamboni, Nyali, Unguja Mjini, nyie mna ugonjwa wenu wa ziada. Chumvi inakula vibati vya aluminiamu pale vinapogusana na kopa, ukivishika vinapukutika kama biskuti. Vikishafika hapo hakuna kuosha, hakuna gesi, bomba la kopa limebaki tupu halina cha kulisaidia kutoa joto. Suuza na maji baridi yasiyo ya chumvi kila mwezi tangu mashine ikiwa mpya, na ukinunua ulizia yenye koili iliyopakwa rangi ya kukinga kutu, zile za bluu au za dhahabu. Na usisuuze kwa maji ya kisima cha chumvi maana utakuwa umefanya kazi ya bahari.

Alafu mijusi. Mjusi anapenda joto la bodi, anaingia anagusa sehemu mbili za umeme, anakufa na bodi yako. Sisimizi nao wanajaa kwenye kontakta, ile swichi inayowasha kompresa, mpaka haishiki. Ukifungua ukakuta mjusi mkavu kajibana hapo usitafute mchawi.

Hatua ya 6: Umeme

Hapa kama hujui kutumia multimita, ile mita ya kupimia umeme, ishia kusoma tu, ila soma, usidanganywe.

Umeme wetu unatakiwa uwe karibu voltiji 230. Ukishuka chini ya 200 kompresa inahangaika kuanza, inavuta ampea nyingi, inapata moto, kile kikinga joto chake kinaikata, inapoa, inajaribu tena, usiku kucha. We huku ndani unaona feni inapuliza na taa inawaka unadhani kila kitu sawa. Pima kwenye soketi ya AC wakati kompresa inajaribu kuwaka, maana ikiwa imezimwa mita inaweza kukuonyesha 225 safi, ikianza inadondoka 180, hapo ni waya mwembamba au maungio yamelegea. AC ya BTU 12000 inataka laini yake peke yake kutoka kwenye breka, waya wa milimita za mraba 2.5 angalau, sio kuchepushwa kutoka soketi ya friji. Plagi ikiwa inapata moto au imebadilika rangi, acha kutumia leo hiihii. Weka na gadi ya kuchelewesha, umeme ukikatika na kurudi inasubiri dakika 3 au 5 ndo inaruhusu.

Kapasita sasa. Ni kikopo kama betri nene kwenye mashine ya nje, ndo kinaipa kompresa na feni msukumo wa kuanza. Joto la huku linakiua. Kikiwa kimevimba juu kama kopo la nyanya lililooza, kimekufa. Kikiwa hakijavimba kinapimwa, pembeni kimeandikwa mfano 35 µF, mita ikisoma 34 sawa, ikisoma 24 badilisha. Ni kitu cha bei ndogo na ni dakika kumi za kazi, na ndo maana fundi mwingine akikuta kimekufa anakibadilisha kimyakimya alafu anakulipisha gesi. Usiguse kwa mkono hata kama umekata breka, kinakaa na umeme ndani, fundi anajua kukimaliza kwanza. AC za inveta hazina hiki kikopo cha kompresa, zenyewe zikigoma zinawasha herufi na namba kwenye uso, piga picha kabla hujazima, kitabu chake kinasema maana yake.

Hatua ya 7: Labda chumba ndo kinakuzidi

Hesabu ya haraka, zidisha mita za mraba kwa BTU 600. Chumba cha mita 4 kwa 4 ni 9600, kwa hiyo 9000 inajikaza na 12000 inatosha. Sebule ya mita 5 kwa 6 ni 18000. Kama juu yako ni bati moja kwa moja na jipsam chini yake hakuna kitu katikati, au ukuta mzima ni kioo kinachotazama magharibi, ongeza. Sebule iliyoungana na jiko la wazi na korido isiyo na mlango, we unapoza nyumba nzima kwa mashine ya chumba kimoja, hapo hamna fundi atakusaidia, funga pazia zito, ziba ile nafasi chini ya mlango, angalia aluminiamu za dirisha zinaacha mwanya gani. Kwangu tulitandika sufi ya kuzuia joto juu ya jipsam, hicho kitu kimefanya kazi kuliko nilivyotegemea.

Hatua ya 8: Gesi, sasa tunaweza kuongea

Umeosha, umeme uko sawa, kapasita nzima, kompresa inazunguka, na tofauti ya kipimajoto bado nyuzi 3 au 4. Nenda kwenye nati za mashine ya nje. Bomba nene na jembamba kwa AC nyingi za nyumbani yote yanatakiwa yawe ya baridi na yanatoka jasho. Jembamba likiwa na ganda jeupe la barafu na nene likiwa kavu, halina baridi, gesi imepungua. Ukiona mafuta mafuta yamevutia vumbi kwenye nati ujue hapo ndo panavuja, maana gesi inatoka na mafuta ya kompresa. Paka povu. Mara nyingi ni nati tu, bomba lilipanuliwa mdomo vibaya siku ya kufunga.

Fundi wa kweli atafanya hivi, na we simama hapo uangalie, usiende kupika. Atatafuta tundu na kuliziba kwanza. Atajaza nitrojeni apime kama mgandamizo unashuka, sio oksijeni, oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa inalipuka, hilo sio utani. Atafunga pampu ya kuvuta hewa dakika 20 au 30 ili unyevu wote utoke, anayekwambia "tunaifukuza hewa kwa gesi yenyewe" anakufupishia kazi. Alafu ataweka mtungi kwenye mizani na kujaza gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine.

Hicho kibandiko kisome mwenyewe. Kitasema R22, R410A au R32, hizo ni aina za gesi, na hazichanganywi kabisa. Huwa nacheka kwa uchungu nikikumbuka mafundi waliozoea R22 ambayo upande wa mgandamizo mdogo geji inasoma karibu PSI (kipimo cha mgandamizo) 65 mpaka 70 ikiwa inafanya kazi, sasa anakutana na R410A ambayo inatakiwa isome kama 120 hivi, anaisimamisha kwenye 70 anasema imejaa! Unalipa kwa nusu ya dozi. Wengine wanazidisha mpaka kompresa inapumua kwa shida, na yenyewe haipozi. R410A ni mchanganyiko kwa hiyo inaingizwa ikiwa kimiminika, na R32 inaweza kushika moto, fundi asiwe na sigara mdomoni wala asichomelee bomba lenye gesi ndani. Walionunua mtumba wa R22 mjue pia kwamba gesi hiyo inaondolewa duniani kwa sababu ya tabaka la ozoni, kwa mkataba wa Montreal wa 1987, na nchi zetu mwisho wake ni 2030, kwa hiyo kuipata kutazidi kuwa kazi.

Kama tundu liko kwenye koili iliyoliwa na chumvi, au bomba limepita ndani ya ukuta uliopigwa plasta, au kompresa imeungua, uliza bei ya matengenezo na bei ya mashine mpya siku hiyohiyo kabla hujaruhusu bisibisi iguse kitu. AC ya miaka kumi yenye kompresa mfu mi siitengenezi.

Ya kwangu yule mzee aliifungua ile nati ya chini, akapanua mdomo wa bomba upya, akaipaka tone la mafuta, akaikaza na spana mbili, moja inashika nyingine inakaza, alafu kesho yake ndo akaja na pampu na mtungi. Kabla hajashuka ngazi akachukua kalamu ya wino mzito akaandika tarehe na gramu kwenye ubavu wa mashine. Maandishi yameshaanza kufutika na mvua, gesi bado ni ileile.